Meli Iliyolipuka Kibandani

Meli ilipolipuka, kibanda kizima kilishangilia isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Yeye alicheka. Alicheka kama mtu aliyeletewa rambirambi za ndugu yake ambaye asubuhi hiyohiyo amekunywa naye chai.

Tulikuwa Karema, safari ya zaidi ya kilomita mia moja kutoka Mpanda, ndani ya kibanda umiza cha mabati. Jenereta ilikuwa inakohoa uani, na watoto wamebanana mbele ya runinga hadi wengine wanaitazama kwa pembeni. Siku nyingine kijana mwenye kibanda huonyesha mpira wa Ulaya na filamu za Kihindi zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Usiku huo nilimwomba aweke filamu niliyokuwa nayo kwenye fleshi tangu Mpanda: The African Queen, ya mwaka 1951. Nilitaka kuitazama palepale, hatua chache kutoka kwenye maji yanayosimuliwa. Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba filamu ni ya Kiingereza. Dakika ya tano watu wakaanza kulalamika, "Tafsiri basi, mwalimu!" Nikasimama kando ya runinga, nikaanza kusema, kwanza kwa haya, halafu kwa sauti.

Baada ya robo saa nilikuwa nadanganya. Wahusika wakitaja mto Ulanga, mimi nasema Malagarasi. Wakitaja ziwa, nasema Tanganyika. Manowari ya Wajerumani inaitwa Louisa kwenye filamu, nikawaambia watu kuwa hiyo ndiyo meli yenu, Liemba. Aliyewahi kumsikia Lufufu, yule aliyejipatia jina Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, anajua kuwa kazi hiyo haiishii kwenye maneno. Unaichukua hadithi ya watu, unaihamishia uani kwako, na njiani vitu vingine vinadondoka.

Na foleni ya wahamishaji wa hadithi hii ni ndefu, mimi nipo mkiani. Mbele yangu yupo John Huston aliyeongoza filamu. Mbele ya Huston yupo C. S. Forester aliyeandika riwaya mwaka 1935. Mbele yao wote ipo meli.

Meli iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwa madarakani wakati vita vya Maji Maji vinaanza mwaka 1905. Ziwa Tanganyika halina njia ya kupitisha meli kutoka baharini, kwa hiyo chombo kiliundwa, kikafunguliwa vipande, kikapangwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, kikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupanda treni. Reli ya Kati nayo ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma, mwaka 1914. Mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walifuatana na mzigo wao. Huko Kigoma, pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika na Kihindi ambao majina yao hakuna kitabu kilichojali kuyaweka, waliigonga upya ribiti kwa ribiti. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 71. Kwenye ziwa lililozoea mitumbwi na majahazi, ilikuwa kama jengo la bomani limeamua kuogelea.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imeshaanza. Wajerumani walikuwa na vyombo vingine viwili vidogo, Kingani na Hedwig von Wissmann, na kwa hivyo vitatu walilitawala ziwa lote, kuanzia Burundi mpaka kusini kwenye boma lao la Bismarckburg, ambayo sisi tunaijua kama Kasanga. Wabelgiji waliokuwa ng'ambo, Congo, hawakuthubutu kuvuka. Hapo mwindaji mmoja aitwaye John Lee akaenda London kuwaeleza wakubwa wa jeshi la majini kuwa dawa ni boti ndogo zenye mbio, na kwamba boti hizo zinaweza kuletwa kwa nchi kavu.

Aliyepewa kazi ni Geoffrey Spicer-Simson. Huyu bwana nasikitika kuwa hayumo kwenye riwaya wala kwenye filamu. Mwili wake ulijaa chale za michoro, alikuwa na tabia ya kuvaa sketi akiwa kazini, na porojo zake ziliwachosha maofisa wenzake. Boti zake mbili alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, naye akaziita Mimi na Toutou, ambayo ni yaleyale kwa Kifaransa cha watoto. Zilipakiwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga, kisha zikakokotwa kwa matrekta ya mvuke, maksai na migongo ya watu kuvuka milima ya Mitumba. Njiani walijenga madaraja zaidi ya mia moja. Zikateremshwa kwenye mto Lualaba, zikapanda treni tena, na mwishoni mwa Oktoba 1915 zikafika ziwani, upande wa Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata Kingani, wakaibadili jina ikawa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig. Kesho yake Götzen ikatokea, inapita taratibu, inamtafuta mwenzake. Maofisa wakasubiri amri, na Spicer-Simson akakataa kutoka. Alikuwa anauogopa mzinga mkubwa uliokuwa juu ya Götzen. Baadaye mzinga huo Wajerumani waliung'oa wakaupeleka vitani kwingine, na mahali pake wakasimamisha gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Gogo likaendelea kulinda ziwa. Huko Bismarckburg mambo yakawa yaleyale: yule bwana aliiogopa mizinga ya boma, askari wa Kijerumani wakatoroka usiku kwa vyombo vya ziwani, na boma lilipotwaliwa ikaonekana kuwa mizinga yenyewe ni ya mbao.

Hakuna Mwingereza aliyeizamisha Götzen. Wabelgiji walipoikaribia Kigoma mwezi Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26. Lakini wale mafundi wa Papenburg walikuwa wameijenga kwa mikono yao, na kabla ya kuipeleka chini walizipaka injini grisi nzito, kila chuma, kila kiungo. Hawakuizika. Waliiweka akiba.

Wabelgiji wakaja wakaiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta injini bado nzima, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wenyeji wa kusini mwa ziwa walimtajia Livingstone miaka ya 1860. Forester alipokaa kuandika riwaya yake, meli aliyokusudia kuizamisha ilikuwa na miaka minane tangu irudi kubeba dagaa.

Riwaya ya The African Queen si kitabu kikubwa. Rose Sayer ana miaka 33, ameishi miaka kumi misheni na kaka yake mchungaji, kwenye koloni la Wajerumani. Jemadari wa Kijerumani anakomba watu wote wa kijiji wakawe wapagazi na askari, kaka mtu anakufa kwa homa na uchungu, na Rose anabaki peke yake. Anatokea Charlie Allnutt, fundi wa mgodi wa Wabelgiji, na boti yake kuukuu ya mvuke yenye baruti na mitungi ya oksijeni na haidrojeni. Rose, ambaye maisha yake yote amekuwa akiwapikia wanaume na kuwaitikia, anapata wazo: washuke na mto hadi ziwani, mitungi ile igeuzwe topido, wakailipue meli ya Wajerumani. Allnutt anaona ni wazimu. Wanashuka.

Kwa jiografia, Forester alijifanyia apendavyo. Ziwa kaliita Wittelsbach, jina la ukoo wa wafalme wa Bavaria. Mto wake unaanza ukiitwa Ulanga na kuishia ukiitwa Bora. Ulanga tunao, tena mkubwa, lakini upo Morogoro, na maji yake yanakwenda Rufiji na Bahari ya Hindi. Ukiushuka kwa boti utatokea Mafia, hutaiona meli yoyote ya ziwani. Mto wa kweli unaokaribia kufanana na wake ni Malagarasi: una maporomoko juu, na mdomoni unapoteza njia kwenye mabwawa ya matete kabla ya kuingia ziwani. Kwa hiyo pale kibandani nilipoweka Malagarasi, sikuona haya sana.

Uzuri wa riwaya upo kwenye mikono yenye grisi. Propela inavunjika panga na mhimili unapinda. Watu hawa wawili wanakaa ufukweni siku kadhaa, wanachoma mkaa wao wenyewe, wanaunyoosha mhimili kwa moto na kuunga panga jipya, na msomaji anafuata kila hatua kama mtoto aliyechuchumaa mbele ya fundi baiskeli. Filamu inayo sehemu hii pia, ila imeipita mbio. Kuonyesha mtu anafikiri juu ya chuma ni kazi ngumu kwa kamera.

Lakini kuna mahali filamu inaizidi riwaya. Kuna mahali bomba la boila linaanza kutetemeka na kufuka, na Humphrey Bogart, aliyemcheza Allnutt, anaruka kulipiga mateke hadi litulie. Rose anamuuliza kisa. Anaeleza kuwa bisibisi ilidondokea ndani ya vali, angeweza kuitoa siku yoyote, ila amekwisha kuzoea kuipiga teke. Pale Karema sikuhitaji kutafsiri. Kibanda kizima kilicheka kabla sijafungua mdomo, na kijana mwenye jenereta alicheka zaidi ya wote.

Bogart ni sura nyingine ya tofauti zenyewe. Allnutt wa kitabuni ni mtoto wa mitaa ya London, na lafudhi yake imeandikwa neno kwa neno ukurasani. Bogart hakuiweza lafudhi hiyo, basi filamu ikamfanya Allnutt kuwa Mkanada. Ni kama riwaya iwe na Mzaramo wa Kisarawe, halafu kwa kuwa mwigizaji hana Kizaramo, aambiwe sasa wewe ni Mnyasa. Na ajabu ni kwamba imemkaa. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Oscar, ya pekee maishani mwake. Katharine Hepburn, naye, alikuwa amemzidi Rose wa kitabuni kwa kama miaka kumi, na mwanzoni alimcheza kwa uso wa kukunja. Huston akamwambia ajaribu tabasamu la Eleanor Roosevelt, lile la mtu anayewafariji wagonjwa wodini. Kuanzia hapo Rose wa filamu akawa mtu mwingine, mwenye kejeli ndani ya adabu. Nikiulizwa yupi ninayempenda, nitasema wa filamu. Yule wa kitabuni Forester anamweleza kupita kiasi. Wa filamu anaachwa afanye.

Kwenye mwisho, hapana. Mwisho wa riwaya ni mkali, na nadhani ndio unaoifaa hadithi. Boti inafika ziwani, topido zimeshafungwa mbele, usiku wa kushambulia unaingia, dhoruba inapiga, boti inazama. Basi. Safari yote ile imekwisha bila kitu. Wanakamatwa, na nahodha wa Kijerumani akiwatazama, wachafu, wamekonda, homa inawatetemesha, anaona aibu kuwanyonga, anawapandisha kwenye boti yenye bendera nyeupe na kuwakabidhi kwa Waingereza. Siku chache baadaye boti mbili za Kiingereza, Matilda na Amelia, zilizokokotwa kwa nchi kavu, zinatoka na kuizamisha meli bila shida kubwa. Maofisa hawajui wawafanyie nini hawa wawili. Wanawasukumia pwani, Allnutt akajiandikishe jeshini. Ni Rose anayesema kwamba itabidi waoane.

Matilda na Amelia, ndiyo hao Mimi na Toutou. Ila Forester amezipa ushindi ambao zenyewe hazikuupata, kwa sababu kamanda wao aliuogopa mzinga. Watu hupenda kusema kitabu ni kweli na filamu ni chumvi. Hapa kitabu kilitia chumvi miaka 16 kabla ya filamu, na kikazamisha kwa heshima ya Uingereza meli ambayo Uingereza ilikuwa inaikatia tiketi.

Filamu ikaongeza yake. Boti inazama kwa dhoruba kama kitabuni, lakini wanapokamatwa wanahukumiwa kunyongwa, kamba zikiwa tayari. Allnutt anamwomba nahodha awaozeshe kwanza. Nahodha anawaozesha, anaamuru wanyongwe, na sekunde hiyohiyo meli inaligonga gofu la African Queen linaloelea kichwa chini, topido zimetokeza. Mlipuko. Wawili wanaogelea wakiimba. Ndoa hiyo ya dakika moja haikuletwa na utamu wa hadithi tu. Kitabuni Rose na Allnutt wameishi kama mke na mume tangu katikati ya mto, na wakaguzi wa filamu wa Marekani wa enzi hizo hawakutaka kuona watu wasiofunga ndoa wanakaa hivyo bila hesabu kulipwa. Kwa hiyo nahodha wa Kijerumani, mwenye kitanzi mkono mmoja, akapewa kazi ya padri kwa mkono wa pili. Hata mvua inayoinua maji na kuitoa boti kwenye matete imekuja kwa sala ya Rose kwenye filamu. Kitabuni wanajivuta wenyewe kwa ndoana na kwa mikono, wakitafunwa na mbu.

Kuna jambo moja ambalo vyote viwili vinakubaliana, na pale kibandani lilinikwama kooni. Filamu inaanza na ibada kijijini: Hepburn anapiga kinanda, kaka mtu anajitahidi kuongoza wimbo, na watu weusi walioketi mbele yao wanatoa makelele yasiyo wimbo. Allnutt anafika, anatupa kipande cha sigara, na waumini wanakigombania. Watoto wa Karema waliacha kucheka. Hii ni parokia ambayo imekuwa ikiimba tangu mwaka 1885, Wamisionari wa Afrika walipokabidhiwa boma la Wabelgiji; wanajua kwaya ni nini, na wimbo ukiharibiwa wanajua nani kauharibu. Mmoja akauliza hao wanaimba Kiswahili gani. Nilimwambia si Kiswahili. Kijiji chenyewe kinaitwa Kungdu, jina ambalo hakuna ulimi wa mwambao huu ungelitamka. Baada ya hapo wanakijiji wanatoweka, na Afrika inabaki mto, mbu, viboko na Wazungu wawili. Kitabuni wanatoweka mapema zaidi, wamekwisha kuswagwa na jeshi hata kabla hatujawaona.

Upande mmoja huo ni ukweli wa vita vile, ambao Forester aliugusa akapita. Watu waliswagwa kweli. Upagazi wa 1914 hadi 1918 uliua watu wengi kuliko risasi, na mwambao huu wa Wabende, Wafipa na Waholoholo haukusalimika. Hadithi ingeweza kuanzia kwao. Haikuanzia.

Filamu haikupigwa hapa. Huston na watu wake walikwenda Congo ya Wabelgiji, mto Ruiki, na Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Butiaba. Ziwa tunaloliona ni Albert. Boti iliyoigiza African Queen ilikuwa ya Uingereza, ya mwaka 1912, jina lake halisi Livingstone, na ilikuwa imefanya kazi miaka mingi katika Ziwa Albert. Karibu kikosi kizima kiliugua kuhara kwa sababu ya maji. Bogart na Huston waliponea kwenye wiski, au ndivyo walivyopenda kusimulia. Hepburn, asiyekunywa, aliumwa hadi ikabidi ndoo iwe karibu naye wakati wa kupiga ile ibada. Sehemu ya ruba, ambayo kila aliyeitazama utotoni anaikumbuka mpaka leo, ilipigwa kwenye bwawa la studio London. Na usiku mmoja, kwenye Ruiki, boti ikazama. Inasimuliwa kuwa wenyeji walikuwa wameambiwa waiangalie, nao wakaiangalia vizuri hadi ikafika chini. Ikabidi watu waikokote kwa kamba na kuitoa tena, kama Wabelgiji walivyoikokota Götzen.

Miaka hiyohiyo, reli ya kutoka Kaliua ilikuwa imefika Mpanda kufuata madini ya risasi. Mtu angeweza kuja kwa treni mpaka Mpanda, akashuka Karema na kuipiga picha meli yenyewe ikitia nanga. Hakuna aliyekuja.

Badala yake hadithi ikaanza kuzaana yenyewe kwa yenyewe. Peter Viertel, aliyeitwa Afrika kusaidia kuandika mswada wa filamu, alirudi na riwaya, White Hunter Black Heart, ya mwaka 1953, kuhusu mwongozaji wa filamu anayeacha kazi kwa uchu wa kumpiga tembo. Kila mtu alijua ni Huston. Mwaka 1987 Hepburn akaandika kitabu chake kuhusu safari hiyo. Mwaka 1990 Clint Eastwood akaigeuza riwaya ya Viertel kuwa filamu, akaipiga Zimbabwe. Hesabu: vita vikazaa riwaya, riwaya ikazaa filamu, filamu ikazaa riwaya, riwaya ikazaa filamu, na kila uzao unasogea mbali na Kigoma. Kwenye ile ya Eastwood kuna Mwafrika mwenye jina na heshima yake, msasi aitwaye Kivu. Anauawa na tembo kabla hadithi haijaisha.

Wangetaka filamu ya tembo, Karema wanayo yao. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, watembee hadi Karema kuona kama tembo anaweza kuchukua nafasi ya mpagazi. Aliyefika ni mmoja. Carter, aliyewaongoza, aliuawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe akirudi. Au wamchukue Adrien Atiman, mtoto wa upande wa Timbuktu aliyetekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapa hadi alipofariki mwaka 1956. Kwenye riwaya, misheni ni mahali pa Mzungu kufia kwa uchungu. Kwenye misheni hii alikuwepo daktari Mwafrika miaka 25 kabla vita havijaanza, na Bogart alipokuwa anatoa ruba London, Atiman alikuwa bado hai, mzee, katika kijiji hiki.

Sisemi haya kumlaumu Forester. Aliandika kitabu chake. Najua pia kuwa tukianza kuhamisha vya kwetu tutadondosha vya kwetu. Amil Shivji alipoitoa Vuta N'kuvute mwaka 2021 kutoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, watu waliokisoma kitabu shuleni walitoka ukumbini wakihesabu kilichoachwa. Mimi nilihesabu pia. Halafu nikakumbuka uso wa Yasmin kwenye giza la Zanzibar, na sikuweza kuukumbuka ukurasa wowote uliokuwa na uso huo.

Livingstone, ile boti ya sinema, iko Florida sasa, mji wa Key Largo, imepakwa rangi, imeandikishwa kwenye orodha ya kumbukumbu za taifa la Marekani, na watalii wanailipia kuizungusha kwenye mifereji. Liemba iliendelea na kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilitolewa injini za mvuke ikawekwa za dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi Congo. Mwaka 2015 ilikwenda na kurudi Kagunga ikichukua Warundi, mamia kwa safari moja. Kwa miaka mingi, kabla Karema haijapata gati na kabla meli haijaegeshwa kwa matengenezo, ilikuwa inasimama mbali majini usiku wa manane, inapiga honi, na kutoka ufukweni mitumbwi inakimbizana kuifuata na magunia ya mchele, migebuka mikavu, kuku, mama mjamzito anayepelekwa Kigoma, jeneza.

Filamu ilipoisha nilitoka nje kumsalimia yule mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umesema hiyo ni Liemba?"

Nikakiri kuwa nilikuwa nahadithia tu.

"Mimi nimetia kuni kwenye tumbo la Liemba. Enzi za mvuke. Tulikuwa tunavua mashati." Akanyoosha mikono kunionyesha alama za moto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, nyeupe, kama chaki iliyokataa kufutika. "Fundi mkubwa alikuwa akituambia, chuma hiki kimelala majini miaka minane, kikaamka. Ukikichezea, kitakucheka."

Ndani watoto walikuwa wamemzonga kijana wa kibanda. Walitaka arudishe nyuma. Akarudisha. Meli ikaja, ikaligonga gofu, ikalipuka, wakashangilia. Wakamwomba tena. Mara ya tatu mzee akachungulia mlangoni, akaitazama ikizama na bendera yake, akanigeukia.

"Hebu waulize hao," akasema. "Kabla hawajaizamisha, waliipaka grisi?"